Titresheni iliyokwenda kombo: uchambuzi wa maelezo binafsi ya mwombaji wa biokemia

Mwombaji wa kisa hiki ni wa mfano, ila makosa yake hurudi kila msimu wa maombi. Anaomba shahada ya kwanza ya biokemia Uingereza kupitia UCAS, mfumo unaopokea maombi kwa niaba ya vyuo vikuu vya huko. Amejaza nafasi zote tano za kozi anazoruhusiwa: tatu za biokemia, moja ya biokemia na baiolojia ya molekuli, moja ya kemia. Alama tarajiwa zake ni nzuri. Kilichomkwamisha ni maelezo binafsi. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa safi kisarufi, yenye adabu, na isiyo na kitu hata kimoja ambacho mwombaji mwingine asingeweza kukiandika.

Kwanza, kanuni za mchezo. Kuanzia maombi ya kuingia chuoni mwaka 2026, maelezo binafsi ya UCAS si insha moja ndefu tena. Ni majibu ya maswali matatu: kwa nini unataka kusoma kozi au somo hili, masomo na sifa zako za kitaaluma zimekuandaa vipi, na ni nini kingine umefanya nje ya masomo kujiandaa, na kina manufaa gani. Yote matatu yanagawana herufi 4,000, nafasi na alama za uandishi zikihesabiwa, na hakuna jibu linaloruhusiwa kuwa chini ya herufi 350. Ukishatimiza hilo, mgawanyo ni wako. Maandishi hayo hayo huenda vyuo vyote vitano, na chuo kinapokufikiria hakioni umeomba wapi kwingine. Ndiyo maana kutaja chuo kimoja kwa jina ni kuwaambia wengine wanne kwamba wao ni akiba.

Dondoo zilizomo humu tumeziweka kwa Kiswahili, lakini hesabu za herufi ni za matini ya Kiingereza iliyopelekwa. Anayeandika kwanza kwa Kiswahili kisha akatafsiri asikadirie urefu kwa rasimu ya Kiswahili. Ahesabu kile kitakachobandikwa kwenye fomu.

Rasimu ya kwanza

Ilikuwa na herufi 4,612: 2,350 katika jibu la kwanza, 640 katika la pili, 1,622 katika la tatu. Kabla hata ya kusoma neno, mgawanyo huo unasema jambo. Nusu nzima inaeleza jinsi mwombaji anavyoipenda sayansi, na sehemu ndogo kuliko zote ndiyo inayoeleza alichojifunza. Kwa kozi ya sayansi, huo ni mlima uliopinduliwa.

Ilianza hivi:

"Tangu utotoni nimekuwa na shauku isiyo na kifani ya sayansi. Siku zote nimejiuliza mwili wa binadamu unafanyaje kazi, na ndiyo maana nataka kusoma biokemia, somo linalounganisha baiolojia na kemia ili kutatua changamoto kubwa za dunia."

Toa neno "biokemia" uweke "famasia", au "uuguzi", au "udaktari wa mifugo". Sentensi inasimama vilevile. Hicho ni kipimo cha haraka tunachokipendekeza kwa kila sentensi ya jibu la kwanza: ikiwa jina la kozi linabadilishika bila sentensi kuyumba, sentensi hiyo haifanyi kazi. Zaidi ya hapo, anayesoma maombi ya biokemia anafundisha biokemia. Hahitaji kuambiwa kwamba somo lake linaunganisha baiolojia na kemia.

Utoto nao una historia yake katika maombi haya. Mwaka 2007 UCAS ilipochunguza maombi 50,000 kutafuta maandishi ya kunakili, ilikuta 234 yakisimulia mkasa ule ule: mtoto wa miaka 8 aliyetoboa pajama zake kwa kuziunguza. Watoto 234, pajama 234. Tangu hapo mfumo hulinganisha kila maelezo na yaliyokwisha kupokelewa, na yanapofanana kupita kiasi vyuo hupewa taarifa. Mwombaji wetu hakunakili popote, lakini hata mkasa wa kweli wa utotoni una udhaifu: unaeleza mtu wa miaka 8, na anayeomba nafasi ana miaka 17 au 18.

Yaliyofuata katika jibu la kwanza yalikuwa nukuu ya mwanasayansi mashuhuri (herufi 140), majina ya vitabu vinne vilivyopangwa kama orodha ya maktaba (260), ufafanuzi wa biokemia (220), na aya nzima kuhusu siku tano alizokaa hospitalini akifuatana na madaktari. Aya hiyo ndiyo iliyokuwa na hatari kuliko zote. Ilisomeka kama barua ya mtu aliyetaka udaktari, akaogopa ushindani, akaangukia biokemia. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Msomaji hawezi kujua, na shaka yake inatosha kuharibu. Waombaji wengi wa biokemia, fiziolojia na sayansi za tiba hujikwaa hapa, kwa sababu hospitali ndiyo mahali pa kwanza walipoiona sayansi ikifanya kazi.

Jibu la pili lilirudia orodha ya masomo na alama, ambazo tayari zimo kwenye sehemu nyingine ya fomu, kisha likatumia herufi 310 kueleza kwa nini alama moja ya fizikia ilishuka baada ya ugonjwa. Sababu ilikuwa ya msingi, ila mahali pake si hapo. Taarifa ya mwalimu inayoambatana na maombi ina sehemu ya mazingira yaliyoathiri masomo ya mwanafunzi, na maneno hayo hayo yakitoka kwa mwalimu yana uzito zaidi na hayamgharimu mwombaji hata herufi moja. Mwombaji alimwandikia mwalimu aya fupi yenye tarehe na muhula ulioathirika, na suala hilo likaisha.

Na kati ya vyote hivyo, katikati ya jibu la tatu, palikuwa na sentensi hii:

"Pia nilifanya mradi wa kupima vitamini C katika juisi, ambao ulinifundisha uvumilivu na kufanya kazi kwa ushirikiano."

Mradi wa wiki sita, sentensi moja, na mafunzo mawili ambayo angeweza kuyapata kwenye timu ya mpira.

Kilichokuwa ndani ya daftari

Hatua iliyobadilisha mambo haikuwa ya uandishi. Mwombaji aliambiwa aweke kalamu chini, akaulizwa: ulipima nini, kwa chombo gani, namba gani zilitoka, nini hakikwenda ulivyotarajia, na ulifanya nini baadaye? Akafungua daftari la maabara. Tunayatoa yaliyomo kwa urefu kwa sababu ndiyo malighafi yenyewe, na asiyeielewa malighafi hawezi kuamua kipi kiingie kwenye herufi 4,000.

Alichuja juisi ya machungwa, akachukua sentimeta za ujazo 20 kwa pipeti, akaongeza sentimeta 1 ya myeyuko wa wanga kama kiashiria, kisha akafanya titresheni, yaani akadondosha kidogo kidogo, kwa bureti (mrija wenye alama za ujazo), iodini yenye ukolezi wa 0.0050 mol/dm3, mpaka rangi ibadilike. Molekuli moja ya asidi askobiki, yaani vitamini C, humaliza molekuli moja ya iodini. Vitamini ikishaisha, tone linalofuata la iodini hukutana na wanga na rangi ya bluu iliyokolea hubaki. Juisi isiyochemshwa ilitumia wastani wa sentimeta za ujazo 11.4 za iodini. Hiyo ni milimoli 0.057, na kwa kuwa moli moja ya asidi askobiki ina uzito wa gramu 176, ni miligramu 10 katika sampuli, au miligramu 50 katika sentimeta za ujazo 100.

Kisha akapasha moto sentimeta 100 za juisi ile ile kwenye nyuzi 80 za Selsiasi kwa dakika 30, akapoza, akapima tena. Alitarajia namba ishuke. Ikatoka 12.6. Kwa hesabu ya haraka, joto lilikuwa limeongeza vitamini C kwa karibu asilimia 11.

Alirudia mara tatu na kupata jibu lile lile, akakasirika, na mwishowe akaona kitu ambacho kilikuwa mbele yake muda wote: kwenye bika mlikuwa na sentimeta 80, si 100. Maji yalivukiza, vitamini ikabaki. Sampuli ya sentimeta 20 iliyochotwa baada ya kupasha ilikuwa na juisi iliyokolea kuliko ile ya mwanzo. Alikuwa amepima ukolezi akidhani amepima kiasi. Ukizidisha 12.6 kwa 80 na kugawa kwa 100 unapata 10.1, yaani vitamini ilipungua kwa karibu asilimia 12. Alirudia jaribio akijazia maji yaliyotoneshwa mpaka alama ya 100 kabla ya kuchota sampuli, na bureti ikampa 10.1 moja kwa moja.

Mbona haya yote hayakuwamo kwenye rasimu? "Kwa sababu nilikosea," alijibu. Alidhani maelezo binafsi ni mahali pa kuonyesha mafanikio. Kosa lenyewe halikuwa la aibu, lilikuwa sayansi kamili: tarajio, kipimo kinacholikataa, kutafuta chanzo, jaribio jipya linalotenganisha sababu mbili. Mhadhiri akisoma hilo anajua jinsi mtu huyu atakavyofanya siku mashine ya maabara itakapompa namba ya ajabu. Uvumilivu umo humo humo bila kutajwa.

Rasimu ya pili: kudai kuliko ulichopima

Baada ya kugundua hazina, mwombaji akaitumia kupita kiasi. Daftari lilikuwa na mfululizo wa vipimo kwenye nyuzi 80, ujazo ukiwa umefidiwa: 11.4 mwanzoni, 10.7 baada ya dakika 15, 10.1 baada ya 30, 9.5 baada ya 45 na 8.9 baada ya 60. Alichora logi asilia ya namba hizo dhidi ya muda, akapata mstari ulionyooka, na kuandika:

"Nilithibitisha kuwa kuvunjika kwa vitamini C ni mmenyuko wa oda ya kwanza."

Msomaji asiye mwanasayansi angepita hapo akiwa amevutiwa. Msomaji wa udahili angesimama. Katika saa nzima vitamini imepungua kwa asilimia 22 tu, na katika masafa mafupi namna hiyo karibu kila mchoro huonekana umenyooka. Chukua dakika ya 30. Kama mmenyuko ni wa oda ya kwanza, yaani kila dakika hupotea sehemu ile ile ya kilichobaki, bureti inapaswa kusoma 10.07; kama ni wa oda ya sifuri, yaani namba inapungua kwa kiasi kile kile kila dakika, inapaswa kusoma 10.15. Tofauti ni 0.08. Bureti ya shule husomwa kwa mashaka ya 0.05 kila mara, na kila titresheni ina kusoma mara mbili, mwanzo na mwisho, hivyo mashaka yanaweza kufika 0.10. Tofauti anayoitafuta ni ndogo kuliko kosa la chombo chake. Ili kuzitenganisha oda hizo angehitaji kuendelea mpaka vitamini ipungue sana, tuseme ibaki robo. Kwa kasi ile, nusu tu ingechukua karibu saa tatu.

Sentensi ikawa hivi:

"Logi ya ujazo dhidi ya muda ilinyooka, lakini vilevile ujazo wenyewe: kwa upungufu wa asilimia 22, bureti yangu haiwezi kutofautisha oda ya kwanza na oda ya sifuri. Ningehitaji saa sita, si moja."

Dai limekuwa dogo, mwandishi amekuwa mkubwa. Hili ndilo jambo ambalo tungependa kila mwombaji wa sayansi alishike kabla ya mengine yote: maneno "nilithibitisha", "niligundua" na "nilionyesha bila shaka" ni mitego ya kujitegea. Yabadilishwe kuwa "vipimo vyangu vinalingana na", au "sikuweza kutofautisha". Kuna faida nyingine pia. Baadhi ya kozi huwaita waombaji kwenye usaili, na maelezo binafsi ndiyo shamba la maswali. Aliyeandika "nilithibitisha" ataulizwa "kivipi?" na ataanza kujitetea. Aliyeandika "sikuweza kutofautisha" ataulizwa "ungefanyaje?" na atakuwa na jibu la saa sita mkononi.

Rasimu ya tatu na wasomaji tisa

Hapa hatuna mengi ya kusema ila onyo. Mwombaji aliituma rasimu ya pili iliyorekebishwa kwa watu tisa: walimu, binamu, marafiki wawili walioko chuoni, mtu aliyewahi kufanya kazi ya kuajiri watu. Kila mmoja alibadilisha kitu. Ilirudi ikiwa na "shauku" saba, neno "uongozi" ambalo halikuwamo, na sentensi ya mwisho kuhusu ndoto ya kutibu saratani. Mpishi mmoja huonja chumvi, tisa huimwaga. Wasomaji wawili wanatosha: mwalimu wa somo husika akague usahihi wa sayansi, na mtu asiye mwanasayansi aonyeshe kwa penseli pale alipolazimika kusoma mara mbili. Wote wawili waweke alama tu. Kuandika upya ni kazi ya mwombaji.

Kwa sababu hiyo hiyo, programu za akili unde hazikusaidia alipozijaribu. UCAS humtaka mwombaji atamke kuwa maandishi ni yake mwenyewe, na hilo pekee linatosha kuwa sababu. Lakini hata kiufundi, programu ilimrudishia sentensi laini za rasimu ya kwanza, kwa kuwa haikuwa na daftari lake.

Mgawanyo mpya

Toleo lililopelekwa lilikuwa na herufi 3,950: 1,240 kwa jibu la kwanza, 1,680 kwa la pili, 1,030 kwa la tatu. Herufi 50 zilizobaki ziliachwa makusudi. Kuna anayehangaika kujaza mpaka 4,000 kamili, na mara nyingi sentensi ya kujazia ndiyo dhaifu kuliko zote.

Swali gumu lilikuwa mahali pa kuuweka mradi. Swali la kwanza linauliza kwa nini, la pili linauliza masomo, la tatu linauliza nje ya masomo, na mradi uliingia kote. Kosa la kawaida ni kuusimulia mara tatu kwa maneno tofauti. Uamuzi ulikuwa kuugawa: jibu la kwanza lichukue swali lililozaliwa na mradi, la pili lichukue mbinu na hesabu, la tatu liusahau isipokuwa kwa kiungo kimoja. Majibu matatu husomwa pamoja, hivyo hakuna haja ya kurudia utambulisho.

Jibu la kwanza lilianza hivi:

"Nilipasha moto juisi ya machungwa nikitarajia vitamini C ipungue, vipimo vikaonyesha imeongezeka kwa asilimia 11. Maji yalikuwa yamevukiza, na mimi nilikuwa nimepima ukolezi nikidhani ninapima kiasi. Nilipofidia ujazo, ongezeko likageuka upungufu wa asilimia 12. Lakini upungufu wa nini? Iodini huiona asidi askobiki tu. Umbo lake lililooksidishwa, ambalo seli zinaweza kulirejesha, bureti yangu hailioni kabisa. Nilichokiita hasara huenda kwa sehemu kilikuwa mabadiliko ya umbo."

Hapo ndipo biokemia inapoingia, na tazama kwamba sasa jina la kozi halibadilishiki kirahisi. Asidi askobiki ikipoteza elektroni mbili huwa asidi dehidroaskobiki. Mwili unaweza kuirudisha ilivyokuwa, kwa hiyo kilishe haijapotea. Ikiendelea kuvunjika kwa kuingiliwa na maji ndipo hairudi tena. Titresheni ya iodini haiwezi kutofautisha iliyopumzika na iliyokufa. Swali kama hilo humfaa mtu anayetaka kusoma kemia ya vitu vilivyo hai, na kwa kuwa ndani yake mna oksidisheni na kasi ya mmenyuko, halimfukuzi msomaji wa ile kozi moja ya kemia. Uchaguzi wa kozi zilizochanganyika hutatuliwa hivyo: tafuta swali linalokaa mpakani, usijaribu kuandika aya moja kwa kila kozi.

Vitabu vinne vilifutwa. Badala yake pakaja jambo moja alilolisoma kwa sababu ya swali lake: wanyama wengi wanyonyeshao hutengeneza vitamini C yao wenyewe kutoka glukosi, na binadamu hawezi kwa kuwa jeni ya kimeng'enya cha hatua ya mwisho imeharibika. Aliandika sentensi mbili kuhusu hilo na kuongeza kile ambacho bado hakimwingii akilini: kwa nini hasara kubwa namna hiyo iliweza kudumu katika ukoo. Kitabu kinachotajwa bila swali kinathibitisha tu kwamba mtu anajua jina lake.

Jibu la pili lilipata herufi nyingi zaidi. Kila somo lilitajwa kwa kazi iliyofanya, si kwa alama: hisabati ilimpa logi na sababu ya kuchora mstari badala ya mkunjo, kemia ilimpa uwiano wa moli na dhana ya oda, baiolojia ilimpa wazo la kidhibiti, yaani kipimo cha kulinganishia. Sentensi ya bureti isiyoweza kutofautisha iliwekwa hapa, na ndiyo iliyobeba jibu zima.

Siku tano hospitalini zilibaki, lakini nne kati yake zikafutwa. Iliyobaki ni alasiri moja ndani ya maabara ya hospitali, alipoona kwamba kabla ya damu ya mgonjwa kuingia mashineni, sampuli yenye thamani inayojulikana hupimwa kwanza; ikitoa namba isiyo sahihi, kazi husimama. Akatambua kuwa yeye hakuwahi kuijaribu titresheni yake kwa kitu anachokijua. Aliporudi shuleni aliyeyusha miligramu 50 za asidi askobiki safi katika sentimeta za ujazo 100, akakokotoa kwamba sampuli ya sentimeta 20 itumie 11.4, akapata 11.3. Ndipo akaziamini namba zake nyingine. Hiyo hospitali haiombi udaktari tena. Inaeleza kwa nini vipimo vinahitaji kidhibiti, na inajibu nusu ya pili ya swali la tatu, ile ya "kina manufaa gani", ambayo waombaji wengi huiruka.

Shughuli nyingine zilibanwa kuwa sentensi moja: saa mbili kila wiki akifundisha hisabati madarasa ya chini, na kwamba kueleza logi kwa mtoto aliyekwama kulimfichulia kuwa yeye mwenyewe alikuwa akiikariri. Ukiranja na timu ya mpira vilitoka. Si kwamba havina maana. Ni kwamba kwa kozi hii havisemi kitu.

Kupunguza na kubandika

Upunguzaji ulikwenda kwa mpangilio. Kwanza yalitoka yaliyokwisha kusemwa kwingine kwenye fomu, yaani alama, majina ya masomo na ugonjwa. Kisha sentensi zinazoeleza hisia. Mwisho ndipo maneno madogo, kama "ningependa kusema kwamba" na "kwa kweli". Anayeanza na maneno madogo huchosha macho kwa siku tatu na kuokoa herufi 90, huku nukuu ya herufi 140 ikiendelea kukaa juu ya ukurasa kama mgeni asiyeaga.

Aliandika kwenye faili lake, si ndani ya fomu. Kubandika kuna mambo yake: herufi nzito na za mlazo hazibebwi, kwa hiyo msisitizo wowote lazima utokane na mpangilio wa maneno, na alama za kemia ni salama zaidi zikiandikwa kwa jina. Baada ya kubandika alisoma kila kisanduku upya na kulinganisha hesabu ya herufi iliyoonyeshwa na fomu, kwani hiyo ndiyo inayohukumu, si ile ya programu ya kuandikia.

Kuhusu tarehe: kozi nyingi zilizochaguliwa zilikuwa na mwisho wa kupokea maombi mwezi Januari. Kama hata moja ingekuwa ya Oxford au Cambridge, tarehe ingekuwa 15 Oktoba, saa 12 jioni kwa saa za Uingereza, na shule ingehitaji siku kadhaa kabla ya hapo kuongeza taarifa ya mwalimu. Kazi nzima ilichukua wiki sita. Wiki ya kwanza yote ilikuwa ya daftari, bila kuandika sentensi hata moja ya maelezo.

Toleo lililopelekwa bado lina doa moja. Jibu la kwanza linauliza hasara ilikuwa ya nini, lakini popote pale halisemi mwombaji angeipimaje. Njia ipo: kugeuza kwanza asidi dehidroaskobiki yote kuwa asidi askobiki kwa kikali cha kupunguza oksidisheni (kemikali inayorudisha elektroni), kupima jumla kwa mbinu isiyoguswa na kikali hicho, kisha kutoa kile kilichopatikana mwanzo. Iodini haifai kwa hilo, kwa kuwa kikali chenyewe nacho kingeila. Mwombaji aliifahamu njia hiyo wiki moja baada ya kutuma. Ameiandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, kwa ajili ya usaili.